Mshika Msahafu

Mtu aliyezunguka nchi kumi na moja kwa miaka miwili na miezi minne, kisha akarudi kwao na begi moja mgongoni, amerudi na nini? Swali hilo liliulizwa kijijini Kaole kwa namna nyingi katika siku zile za kwanza: kwa macho, kwa mzaha, na kwa ukimya wa watu waliokuwa wakingoja kuonyeshwa. Jibu lake halikuwapo. Saida mwenyewe, aliyelibeba begi hilo, hakuwa nalo.

Siku ya tatu tangu arudi, wanawake sita walikuwa wameketi kwenye mkeka wa sebuleni kwa mama yake, Bi Mwanamkasi, wakilitazama begi. Lilikuwa la turubai, kubwa kama mtoto wa miaka mitano, limepauka kwenye mikanda kwa jua na jasho. Kuta za sebule zilikuwa zimepakwa rangi ya samawati ambayo Saida hakuiacha, na kwenye kona palikuwa na kochi jipya ambalo hakuna aliyelikalia.

"Hebu fungua, mwanangu, tuone ya huko," alisema Bi Mwanvita, jirani waliyepakana naye ua. "Au tungoje mpaka Idi?"

Walicheka. Saida akafungua. Zilitoka suruali mbili, sufuria ndogo iliyobonyea, kamba ya kuanikia nguo, shali ya sufu, na viatu vya kupandia milima vilivyokwisha soli. Wanawake walivitazama vitu hivyo kama watu waliokaribishwa chakula wakaletewa sahani tupu.

"Sufuria," alisema mmoja kwa upole. "Kumbe hata Uarabuni wanapikia sufuria zilizobonyea?"

Saida aliinua uso. "Uarabuni?"

"Hivyo ni vya njiani tu," alidakia Bi Mwanamkasi. Aliinama, akarudisha vitu ndani ya begi kwa haraka na kulifunga. "Mizigo yenyewe iko kwenye kontena. Meli haijafika."

"Ahaa! Kontena!" Nyuso zilichangamka. Bi Mwanvita alimgusa Bi Mwanamkasi goti. "Mama Uarabuni, utukumbuke majirani. Ule udi wa mwaka jana mpaka leo nguo zangu zinanukia."

Saida alimtazama mama yake. Mama yake alitazama mlango.

*

"Ningewaambia nini?" aliuliza Bi Mwanamkasi wageni walipoondoka. Alisimama jikoni huku akisuuza bilauri ambazo zilikwisha kuwa safi. "Ulikuwa na kazi yako pale magofuni, unawaeleza wageni habari za makaburi na misikiti, watu wanakuheshimu. Siku moja ukanunua begi, ukapanda basi la kwenda Malawi. Nikaulizwa, mwanao kaenda kufanya nini? Nijibu anazunguka? Wangeuliza, anazunguka na nani?"

"Peke yangu, mama. Nilikuambia kwenye simu."

"Uliniambia mimi. Hukuwaambia wao. Mwaka mzima nilikuwa nikiingia kwenye shughuli, wanaacha kuzungumza. Shughuli ya arobaini ya jirani mmoja nilikaa na watoto karibu na sufuria, mimi, mjane wa mzee Shuaibu. Basi siku moja, harusini kijiji cha Zinga, mtu akaniuliza, nikasema yuko Uarabuni, anafanya kazi kwenye nyumba ya watu wazuri. Hapo hapo nikapishwa mkekani." Alifuta mikono kwenye kanga. "Neno moja tu, Saida. Nikapishwa."

"Na rangi ya nyumba? Na kochi? Na huo udi?"

"Uongo hula," alijibu mama yake. "Usipoulisha, watu wanauona mifupa."

Saida alijua kesho yake uongo ule ulikula nini. Asubuhi alikwenda kwenye shamba la marehemu baba yake kuangusha madafu ya wageni. Alikuwa amekwisha kufunga kamba miguuni mtu alipomwita. Alikuwa mlinzi, mwanamume wa makamo mwenye panga na redio, asiyemjua.

"Dada, shuka. Hiyo siyo yenu tena."

"Hili ni shamba la mzee Shuaibu. Mimi ni mwanawe."

"Ardhi labda. Minazi imeuzwa." Aliongea kama anayemwelekeza mgeni choo. "Kumi na mitano ni ya bosi wangu. Yenu ni ile mitatu ya kule, iliyokauka vichwa."

Saida alifungua kamba miguuni. Alikumbuka kwamba huko mbali, kila alipolala kwenye chumba cha vitanda vinane na watu asiowajua, alijiliwaza kwa kuihesabu minazi ile, kumi na minane, ili apate usingizi. Kumbe alikuwa akihesabu rangi ya ukuta na kochi lisilokaliwa.

Alirudi nyumbani bila madafu. Hakumuuliza mama yake kitu, na mama yake hakumuuliza madafu yako wapi.

*

Shufaa, binti wa Bi Mwanvita, alikuja siku ya Jumatatu kuazima ungo. Alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, mwenye tabia ya kuficha meno kwa kiganja akicheka. Hakuondoka alipopewa ungo.

"Dada Saida, shikamoo. Nilisahau kukuamkia."

"Marahaba, Shufaa. Umekuwa mkubwa."

"Mama anasema nikuulize, lakini anaona haya kuuliza mwenyewe." Alishusha sauti. "Ile kazi ya huko. Ni nzuri?"

Bi Mwanamkasi alikuwa kibarazani, amekaa na wanawake wawili wa jirani, akichambua mchele. Mikono yake ilisimama juu ya ungo wake. Wanawake wale wawili walinyamaza pia, kwa adabu ya watu wanaosubiri kusikia habari njema. Mmoja wao, mtu mzima kuliko Saida kwa miaka ishirini, alikuwa amempisha kiti asubuhi ile ile alipotoka nje.

Saida aliliona jibu la kweli likiwa mbele yake, fupi na jepesi kusema. Aliiona pia shingo ya mama yake iliyokakamaa.

"Alhamdulillah," alisema. "Ilikuwa nzuri."

Shufaa alificha meno kwa kiganja, akachukua ungo, akakimbia. Kibarazani mchele ukaendelea kuchambuliwa. Saida alijiambia kwamba ni neno la kupita tu, ambalo halikumdhuru mtu.

*

Jumatano Bi Mwanvita alikuja akiwa amevaa kanga za doti moja na kubisha hodi mara tatu kamili, kama mtu aliye na ujumbe.

"Nimekuja kuomba," alisema alipokaribishwa. "Mwanangu anasafiri. Kijana mmoja, Masoud, ndiye anayewapeleka. Ameshughulikia kila kitu, paspoti, vipimo, tiketi, mimi sikutoa hata shilingi. Mwezi mzima alikuwa akinifuata nami nasitasita. Lakini Saida amesema mwenyewe ni kuzuri. Jumatatu hiyo hiyo nikatia dole gumba."

Saida alimsogelea. "Shufaa ana miaka kumi na saba, mama."

"Kwenye karatasi ana ishirini na mitatu." Bi Mwanvita alitabasamu kwa aibu kidogo. "Masoud anasema huko wanataka wakubwa. Si dhambi, au vipi? Mradi anakwenda kufanya kazi ya halali."

"Paspoti yake iko wapi?"

"Anayo Masoud."

"Na tiketi ya kurudi?"

Bi Mwanvita alimgeukia Bi Mwanamkasi, akacheka. "Mwanao ana maswali! Hajaenda, anaulizwa kurudi." Kisha akawa na uso wa heshima. "Ijumaa baada ya Alasiri tunamsomea dua, kisha anapita chini ya msahafu, gari linamchukua. Nataka Saida ndiye aushike mlangoni. Si unajua desturi yetu: anayeushika ni yule aliyekwenda akarudi salama, ili salama yake imfuate anayekwenda. Hapa petu hatuna mwingine."

"Ataushika," alijibu Bi Mwanamkasi.

Bi Mwanvita alipoondoka, Saida alifunga mlango.

"Mama, siwezi kushika msahafu juu ya uongo."

"Hutasema neno. Utanyoosha mikono tu."

"Hiyo mikono ndiyo itakayosema." Saida alivuta pumzi. "Nisikilize. Kuna mji mmoja wa pwani, huko Asia, nilifikia kwenye nyumba ya wageni. Mwenye nyumba akaniomba paspoti aiweke kama dhamana ya kitanda. Nikampa. Asubuhi akaniambia nina deni la shuka iliyochanika, ambayo niliikuta imechanika. Nilifua mashuka siku kumi na moja. Hakunipiga wala hakunifungia mlango. Mlango ulikuwa wazi kutwa. Ila ningekwenda wapi bila paspoti? Siku ya kumi na mbili wasafiri wenzangu, watu niliowajua kwa wiki moja, wakamzonga mpaka akairudisha. Mama, mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, nasema Kiingereza, nina nauli nimeishonea kwenye mkanda wa begi. Shufaa atakuwa na nini?"

"Watu si wote wabaya."

"Sikusema wote. Nimelala kwenye nyumba za watu walionipa kitanda chao wakalala chini. Ninachosema ni kwamba huwezi kujua umeangukia kwa nani, na ukiwa huna paspoti mkononi utajua ukiwa umekwisha kuchelewa."

Saida akamwambia lililobaki, ambalo hakupanga kumwambia mtu. Siku ya kurudi, ndege yake ilitua Uarabuni kwa saa tano ili apande nyingine. Kwenye viti vya kungojea alikaa karibu na mwanamke aliyevaa kandambili za ndani, hana begi, ana mfuko wa nailoni wenye karatasi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kiwiko. Walisalimiana kwa Kiswahili. Alikuwa mtu wa Saadani.

"Nilimwambia mimi wa Kaole. Unajua aliniomba nini? Hakuniomba hela, wala chakula. Aliniomba nisimwambie mtu kwamba nimemwona vile. Alisema, nikifika nitawaambia mizigo inakuja kwa meli."

Bi Mwanamkasi aliinuka ghafla. "Ukisema Ijumaa," alisema, na sauti yake ikakatika, akaanza upya, "ukisema mbele za watu, mimi hapa Kaole sina tena pa kukaa. Umeondoka mara moja ukaniacha na aibu. Nimeifunika kwa minazi ya baba yako. Sasa umerudi kuifunua?"

Yote aliyoambiwa Saida yalikuwa kweli.

*

Ijumaa sebule ya Bi Mwanvita ilijaa. Chetezo kilifukizwa udi ule ule wa mwaka jana, uliowekewa akiba kwa shughuli ya maana. Maalim Ishaka alisoma dua ndefu, sauti yake ikipanda na kushuka, na wanawake wakaitikia amina. Pilau lilikuwa tayari uani. Shufaa alikaa katikati akiwa na baibui jipya na begi dogo la magurudumu ambalo Masoud alimletea. Lilikuwa bado na lebo ya dukani, naye hakutaka kuikata.

Nje, honi ililia mara mbili.

"Tuharakishe," alisema Bi Mwanvita, machozi na furaha vikigombania uso wake. Aliuchukua msahafu uliofungwa kwa kitambaa cha kijani, akaubusu, akamnyooshea Saida. "Simama mlangoni, mwanangu. Atapita mara tatu."

Saida alisimama. Mikono yake ilibaki pembeni.

"Siushiki, mama."

Minong'ono ilipita. Bi Mwanvita alisogea, akauliza kwa sauti ya chini ambayo chumba kizima kiliisikia: "Una udhuru?"

"Ana udhuru!" alidakia Bi Mwanamkasi akiinuka kwenye mkeka wa mbele. "Nilisahau kusema. Leteni, nitaushika mimi, mimi ni mama yake, salama yake ni yangu."

Lilikuwa tundu la kutokea, na mama yake alikuwa amelifungua kwa mikono miwili. Kwa pumzi moja Saida alitaka kutoka kwa tundu hilo.

"Sina udhuru," alisema. "Nimetawadha. Siushiki kwa sababu sijawahi kufanya kazi Uarabuni. Niliiona kwa saa tano tu, uwanja wa ndege. Miaka yote hii nilikuwa nikisafiri na begi langu, nchi kwa nchi, kutazama. Sina salama ya huko ya kumpa Shufaa."

Wote wakasema pamoja, na katika kelele ile maneno yaliyosikika vizuri yalikuwa "wivu" na "hana haya" na "hataki mwenzake apate"

"Na udi?" Bi Mwanvita alimgeukia jirani yake, uso umemwanguka. "Mwanamkasi, udi ule?"

Bi Mwanamkasi alitazama moshi uliokuwa bado unapanda. "Niliununua Kariakoo," alisema.

Shufaa alikuwa amesimama bila mtu kumwona. "Jumatatu uliniambia kazi ilikuwa nzuri."

"Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

Saida alitafuta sababu iliyo bora kuliko ile aliyokuwa nayo, akaikosa. "Nilimwonea haya mama yangu. Na nilipenda mlivyokuwa mkinipisha viti."

Masoud aliingia hadi kizingitini, kijana nadhifu, funguo za gari zikizunguka kidoleni. "Jamani shikamooni. Foleni ya Bunju kuelekea uwanja wa ndege haitungoji. Vipi, binti hajaagwa?"

"Kaka Masoud," alisema Shufaa, "naomba paspoti yangu niishike mwenyewe."

"Utaishika, usijali. Huko huko."

"Naiomba sasa."

Masoud alicheka, akawatazama wanawake akitafuta wa kucheka naye. "Paspoti hushikwa na ofisi, mdogo wangu. Ukiipoteza je? Mtoto mdogo kama wewe."

"Mtoto mdogo?" alisema Shufaa. "Si nina ishirini na mitatu?"

Kidole kilichokuwa kikizungusha funguo kilisimama. Shufaa aliliinamia begi la magurudumu, akalisukuma taratibu mpaka likagusa viatu vya Masoud.

"Basi siendi."

Bi Mwanvita alitoa sauti kama mtu aliyechomwa na mwiba. Masoud aliliokota begi, akalipangusa vumbi. Hakuonekana kukasirika, na hilo ndilo lililowatisha waliokuwa karibu naye.

"Hasara ni yenu," alisema. "Tiketi hailali. Kesho nakwenda Zinga, nina wasichana watatu wanaoingoja, na hao sikuwabembeleza. Walisikia wenyewe habari za Mama Uarabuni harusini, kisha za nyumba yake ya samawati." Alimwinamishia kichwa Bi Mwanamkasi kwa heshima kamili. "Nakushukuru sana, mama."

Gari liliondoka. Wageni nao walianza kuinuka mmoja mmoja, wakitafuta viatu vyao mlangoni bila kuaga. Pilau halikupakuliwa. Hakuna aliyempisha Saida. Walimpita wakimgusa mabega kama nguzo iliyosimikwa mahali pabaya.

"Umefurahi?" Bi Mwanvita alimwuliza, msahafu bado kifuani. "Wewe umekwisha kuiona dunia yote. Ukachoka nayo, ukarudi kumfungia mwanangu mlango. Kesho atakula nini hapa? Utampa ile sufuria?"

Saida alijua kuvuka mipaka ya nchi kumi na moja, alijua kuomba njia kwa lugha asizozijua, lakini hakujua Shufaa atakula nini kesho. Aliinamisha kichwa.

Ndipo Bi Mwanamkasi aliposimama. Alijifunga kanga kiunoni vizuri, kama anavyofanya mtu anayekwenda kubeba kitu kizito, akaongea na wote waliosalia, wa ndani na wa kibarazani, bila kumtazama binti yake.

"Uongo ulikuwa wangu. Zinga ulifika kwa mdomo wangu, nimekaa mkeka wa mbele, nimeshiba pilau la watu. Huyu mwanangu sijamsamehe, na leo sitamsamehe. Lakini kesho alfajiri nakwenda naye Zinga, nyumba zote tatu, tuwahi kabla ya Masoud. Nitawaambia kwa mdomo ule ule."